Printa imegoma, Windows inasema faili halipo. Fundi anataka kupiga windo (kuweka Windows upya), mimi sitaki (Arusha)

Mwalimu wa Sakina | Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu heshima yenu. Nipo Arusha, Sakina, na hii kitu imeninyima usingizi siku ya tatu sasa.

Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani, ya zamani kidogo: Core i3 ya kizazi cha nne, ramu GB 8, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 10. Mitihani natungia humo, mke wangu hesabu za duka anaweka humo humo, na watoto wakipata upenyo wanacheza gemu. Apdeti nilikuwa nimeizuia miezi mingi kwa kuogopea bando. Jumamosi usiku nikasema basi, ngoja nimalize deni. Imefika asilimia 70 na kitu, imeandika nisizime kompyuta, mara giza.

Nikajua umeme umekatika mtaa mzima. Kuchungulia dirishani, kwa jirani taa zinawaka na muvi inaendelea. Kumbe ni LUKU yetu imeisha. Mita ilikuwa inapiga kelele tangu jioni na kila mtu humu ndani alidhani mwenzake ameshanunua.

Nikanunua uniti, nikawasha. Ilizunguka sana, ikasema inarudisha mabadiliko nyuma, mwisho ikafunguka. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Jumapili nimetoka ibadani nataka kuprinti mtihani wa Kidato cha Pili, printa kimya. Na siyo printa, maana nimeichomeka kwenye laptopu ya shemeji ikatema karatasi bila shida. Nikaingia kwenye Services, nikaitafuta Print Spooler, ile huduma inayopanga foleni ya printa, nikabonyeza Start. Kikaja kibao cha Error 2, kwamba mfumo haulioni faili lililotajwa. Nikaenda mwenyewe C:\Windows\System32 kumtafuta spoolsv.exe, faili la hiyo huduma. Majirani zake wote wapo, yeye hayupo.

Halafu programu ya hesabu ya mke wangu nayo inalalamika VCRUNTIME140.dll haipo. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanzia.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini, hata hakuiwasha. "Hiyo ni kupiga windo, elfu ishirini, uje jioni." Nikamuuliza, na mafaili yangu? Akasema vilivyoko diski C vyote vinaondoka. Kila kitu changu kipo C. Nikaipakia kwenye bajaji nikarudi nayo.

Sasa wajuvi: faili moja likipotea ni lazima nyumba nzima ibomolewe?


Kiberenge | Jumanne, saa 3:52 usiku

Naweka kiti hapa kabisa. Yangu nayo imeanza ujinga huo huo.


Chalii wa Ngarenaro | Jumanne, saa 4:05 usiku

Mwalimu mbona dogo hilo. Ingia Google, andika jina la faili na neno download. Kuna saiti kibao zinagawa dll na exe bure. Shusha, bandika System32, restati. Dakika tano umemaliza, fundi abaki na elfu ishirini yake.


Steshenari Majengo | Jumanne, saa 4:31 usiku

Chalii, usimpoteze mwalimu wa watu. Unajua spoolsv.exe inaendeshwa kwa mamlaka gani? Ya SYSTEM, juu hata ya admini. Ukibandika exe ya mtu usiyemjua kwenye nafasi hiyo umempa kompyuta nzima, na wewe ndiye uliyemfungulia geti. Mwaka 2021 dunia nzima ilihangaika na lile shimo la PrintNightmare, lilikuwa kwenye huduma hiyo hiyo ya Print Spooler, hadi Microsoft wakatoa kiraka cha dharura mwezi Julai. Hapo ni faili halali lenye kasoro. Sembuse la kuokota.

Mwalimu pole. Mimi nina steshenari hapa Moshi, Majengo. Mashine nne, na siku printa ikigoma ujue siku hiyo hatuli. Kwa hiyo haya mambo nimejifunza kwa njaa.

Kwanza hayo uliyotaja ni matatizo mawili tofauti, usiyachanganye. VCRUNTIME140.dll haitengenezwi na Windows kwa ajili yake yenyewe. Inaletwa na kifurushi cha Visual C++ Redistributable, kile cha 2015 hadi 2022. Ukiita Windows ijitengeneze haitaileta, kwa sababu kwenye orodha yake haimo. Shusha kifurushi kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, vyote viwili, cha x64 na cha x86, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Kila kimoja hakifiki MB 30. Cha x86 usikidharau, programu nyingi za hesabu ni za zamani, za biti 32. Na hapa pana mtego wa majina ambao umewaangusha wengi: mafaili ya biti 64 yanakaa System32, na ya biti 32 yanakaa SysWOW64. Ndiyo, kinyume na unavyofikiri. Mtu anashusha dll ya biti 32, anaibandika System32, anashangaa.

Huyo spoolsv.exe ndiye wa Windows mwenyewe. Lakini kabla hujagusa kitu, hamisha mitihani na hesabu za mama. Flashi, diski ya nje, popote. Leo, siyo kesho.

Ukimaliza, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza kulia, chagua Run as administrator. Kwenye lile dirisha jeusi andika hivi, na uache nafasi kabla ya mkwaju:

sfc /scannow

Hiyo SFC inakagua mafaili ya Windows na kurudisha yaliyoharibika. Kwa diski ya kuzunguka inaweza kuchukua nusu saa. Ikikaa sehemu moja muda mrefu iache. Mwisho itakupa moja ya majibu matatu: hakuna kasoro, nimekuta kasoro na nimerekebisha, au nimekuta kasoro nyingine zimenishinda. Njoo utuambie umepata lipi.

Angalia na Protection history kwenye Windows Security pia. Mara nyingine faili halijapotea, antivairasi imelifungia karantini.


Mwalimu wa Sakina | Jumatano, saa 1:15 usiku

Dada yangu Mungu akubariki. Programu ya hesabu imefunguka. Ilikuwa ile ya x86 kama ulivyosema. Nimepewa chai yenye tangawizi leo, tangu Jumapili nilikuwa nakunywa ya rangi tupu.

Karantini hamna kitu. Mafaili nimehamishia flashi mbili, moja nimempa shemeji akae nayo kwake.

SFC imenipa jibu la tatu. Imekuta kasoro, nyingine zimeishinda. Spoolsv bado hayupo.


Fundi Mnyonge | Jumatano, saa 1:40 usiku

Nimesoma uzi huu tangu juu nikanyamaza, ila naona mafundi tumeshageuzwa wezi humu.

Mimi ni fundi, nina meza yangu hapa Arusha mjini. Niwaambie ukweli ambao mteja haupendi. Mteja analeta mashine saa tisa alasiri, anaitaka saa kumi na moja, amebakiza nauli. Kuisoma hiyo mashine kujua kilichoharibika ni saa mbili, tatu. Bando ni langu, umeme ni wangu. Nikimwambia elfu ishirini ya kukaa natazama asilimia zinavyosogea ananiona tapeli, maana haoni nilichofanya. Nikipiga windo anaona kioo kipya, anafurahi, analipa. Ndiyo biashara ilivyo. Kosa la huyo mwenzangu ni kutouliza habari ya mafaili, hapo simtetei. Windo unaweza kulipiga na mafaili ya mteja yakabaki, ukitaka.

Sasa Mwalimu nikuulize. Windows hiyo uliiwekewa na nani? Mitaani kuna windo zimekatwakatwa, zile wanaziita lite, zimepunguzwa ziende haraka kwenye mashine ndogo. Huko walikokata ndiko kwenye akiba ya vipuri. Ukiwa na hiyo, amri yoyote utakayopewa humu itakwama, usipoteze usiku.

La pili, hiyo diski ina miaka mingapi? Umeiangalia afya yake?


Mwalimu wa Sakina | Jumatano, saa 1:58 usiku

Mkuu sikukusudia kuwatukana mafundi, samahani. Windows ilikuja na mashine, Pro, nilinunua dukani ikiwa imeshatumika Ulaya. Diski miaka sijui. Ila inafanya kazi vizuri tu, hailii wala nini.


Fundi Mnyonge | Jumatano, saa 2:03 usiku

Haya. "Hailii" siyo kipimo. Nimesema, nimenawa mikono.


Babu wa XP | Jumatano, saa 2:20 usiku

Vijana mna raha sana. SFC si ya leo. Ilikuwepo tangu Windows 98. Kwenye Windows 2000 ndipo ulinzi wenyewe ukaanza, ukifuta faili la mfumo linajirudisha kimyakimya. XP ilikuwa na ghala lake, dllcache, na ukiendesha sfc /scannow nusu ya njia inakuambia ingiza sidii. Sidii yenyewe uliazima ofisini mwaka juzi, ina mikwaruzo, na ndani yake unaelekezwa folda la I386. Nimewahi kutoka Arusha kwenda Himo kufuata sidii ya XP, nikarudi nayo kumbe ni ya Home na mashine ni ya Professional.

Ilipokuja Vista, 2007, wakamweka TrustedInstaller kuwa ndiye mwenye mali. Tangu hapo hata admini hana ruhusa ya kugusa mafaili hayo mpaka ajimilikishe. Ndiyo maana hata ukilipata faili safi, kulibandika kwa mkono unapigana na mlinzi.


Kiberenge | Jumatano, saa 2:24 usiku

Shikamoo babu. Himo kufuata sidii 😂


Babu wa XP | Jumatano, saa 2:31 usiku

Marahaba mwanangu. Na nilinyeshewa.


Steshenari Majengo | Jumatano, saa 3:10 usiku

Nimefunga duka sasa hivi, nisamehe Mwalimu.

Fundi Mnyonge ameuliza la maana kuhusu diski, usilipuuze. Ila nikueleze kwanza kwa nini SFC imeshindwa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kupiga windo bila kujua kilichotokea.

Ndani ya C:\Windows kuna folda inaitwa WinSxS. Ukilipima linaonekana zito, watu wanatamani kulifuta. Usithubutu. Hilo ndilo ghala la vipuri ambalo SFC inaliendea. Lakini si ghala la nakala ya pili kama unavyodhani. Mafaili mengi ya System32 data yake ipo mahali pamoja tu kwenye diski, ila imesajiliwa kwa majina mawili: moja System32, jingine WinSxS. Ni kama mimi. Shuleni na benki wananiita jina la ubatizo, nyumbani Kibosho bibi ananiita jina lake mwenyewe la Kichaga. Majina mawili, mtu mmoja. Nikipata malaria, hawezi kuugua mmoja akabaki mwingine mzima.

Ukitaka kuliona kwa macho, kwenye mashine nyingine isiyo na kasoro andika:

fsutil hardlink list C:\Windows\System32\spoolsv.exe

Itakuletea njia mbili. Ya pili ni ndefu, inaanzia \Windows\WinSxS\amd64_ halafu herufi na namba mpaka uchoke.

Sasa uone. Kama lililopotea ni jina la System32 tu, SFC inakwenda ghalani, inamkuta mtu mwenyewe yupo mzima, inamwandikia jina upya. Sekunde chache. Lakini kama data yenyewe imeharibika, mathalani apdeti ilikuwa inaiandika LUKU ikaisha katikati, basi ghalani nako ni mbovu. SFC inalinganisha, inaona haifanani na inavyotakiwa, na haina pa kuchukua nyingine. Hilo ndilo jibu lako la tatu.

Ukitaka kujua ni yapi yameshindikana:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > "%userprofile%\Desktop\sfc.txt"

Itakuwekea faili la maandishi kwenye desktopu. Soma ya chini, ya juu mengi ni kusema yote salama.

Dawa ni kulitengeneza ghala kwanza, ndipo uirudie SFC. Amri yake ni hii:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inachukua mafaili safi kwenye seva za Windows Update. Kwa hiyo weka bando la kueleweka, na uangalie LUKU.


Mwalimu wa Sakina | Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

LUKU nimeweka uniti 40, mke wangu ameshuhudia.

Ile sfc.txt ina mistari kama elfu moja. Chini kabisa nimeona spoolsv.exe na mafaili mengine matatu.

DISM nimeiendesha kwa hotispoti ya simu. Imefika asilimia 62.3 ikaganda. Nikakumbuka Jumamosi, moyo ukaanza kwenda mbio, ila sikuigusa. Baada ya dakika ishirini ikatembea. Halafu bando likakata. Error 0x800f0906.

Shemeji ana ISO ya Windows 10 (lile faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha) kwenye laptopu yake. Naweza kutumia hiyo badala ya intaneti?


Steshenari Majengo | Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Hapo 62.3 wengi wanaganda, usihofu. Hiyo 0x800f0906 ni kwamba imeshindwa kushusha.

ISO inafaa kabisa, ila iwe ya toleo lako hilo hilo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uniambie toleo linaloonekana. Halafu iangalie na ya shemeji.


Mwalimu wa Sakina | Alhamisi, saa 7:05 mchana

Kumbe niliharakisha, nimeshajaribu kabla sijaona jibu lako. Imenipa 0x800f081f. Winver yangu inasema 22H2, 19045. Ya shemeji ni 1909.


Steshenari Majengo | Alhamisi, saa 7:20 mchana

Ndiyo hivyo. 0x800f081f maana yake ghala ulilonionyesha nimelifungua na nilichotafuta hakimo. 1909 ni mashine nyingine kabisa kwa ndani, usitegemee kipuri chake kiingie kwako.

Mimi ninayo ya 22H2, ina karibu GB 5. Kwa bando usijaribu, nitakutumia kwa Kosta. Nitaiweka kwenye flashi ya GB 16 niliyoifomati NTFS. Hili nalo wasomaji wengine mlijue: flashi nyingi zinakuja FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Itakuambia faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu, utadhani mbovu.

Nitumie PM nikupe namba ya kondakta. Na flashi ni ya dukani, irudi.


Chalii wa Ngarenaro | Alhamisi, saa 7:26 mchana

Aisee dada una moyo. Mimi narudisha kauli yangu ya juzi, hiyo saiti niliyokuwa naitumia nimeiangalia vizuri, ina vitufe vya kushusha vitano na sijui cha kweli ni kipi.


Mwalimu wa Sakina | Ijumaa, saa 2:45 usiku

Wakuu, flashi nimeipokea stendi saa kumi na moja, imefungwa kwenye bahasha ya kaki imeandikwa MWALIMU kwa maka ya bluu. Nauli ya mzigo elfu mbili.

Nimefuata maelekezo ya PM, nayaweka hapa yawafae wengine. ISO unaibonyeza mara mbili inajifungua kama diski, kwangu ikawa E. Kwanza unaangalia ndani kuna matoleo gani:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.esd

Inaorodhesha Home, Education, Pro, kila moja na namba yake. Kwangu Pro ni namba 6, yenu inaweza kuwa nyingine. Halafu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:esd:E:\sources\install.esd:6 /LimitAccess

Hiyo ya mwisho ni kuizuia isihangaike kwenda intaneti. Kama kwenye ISO yako faili ni install.wim, pale penye esd unaandika wim, sehemu zote mbili.

Imekwenda vizuri mpaka asilimia 84, ikasimama. Error 1117, kifaa kimeshindwa kusoma au kuandika. Nimerudia, 84 tena. Mara ya tatu nimekaa kimya kabisa chumbani, nimezima feni, nikasikiza. Inapofika pale kwenye 84 diski inafanya tk, tk, tk, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha.

Fundi Mnyonge, kama bado upo, naomba urudi.


Fundi Mnyonge | Ijumaa, saa 2:58 usiku

Nipo Mwalimu. Sikuondoka, nilinawa mikono tu.

1117 siyo tatizo la Windows, diski ndiyo inakataa. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni bure na ni ndogo. Fungua, niambie rangi. Halafu tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Zile namba za mwisho zinaandikwa kwa heksa, yaani kuhesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10 ujue ni 16.


Mwalimu wa Sakina | Ijumaa, saa 3:21 usiku

Njano. Imeandika Caution. 05 ni sifuri. C5 ni 18, kwa hiyo 24. C6 sifuri.


Fundi Mnyonge | Ijumaa, saa 3:34 usiku

C5 ni vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na inasubiri kuamua ivifanye nini. Kuna habari mbaya na nzuri. Mbaya, hiyo diski usiiamini tena. Nzuri, 05 bado sifuri, na vipande vingine vya C5 huwa si vibovu vya kudumu, umeme ukikatika diski ikiwa inaandika kinabaki kipande nusu hakisomeki. Vikiandikwa upya vinapona. Visipopona diski inavihama, namba inahamia 05.

Umesema mafaili yako yako sehemu mbili nje? Vizuri, la sivyo ningekwambia zima sasa hivi, maana amri inayofuata inasoma diski yote kutafuta vipande vibovu, inaikamua kweli kweli. Kwenye dirisha jeusi:

chkdsk C: /r

Itasema diski inatumika, ikuulize kama ifanye mashine ikiwaka upya. Jibu Y, restati, nenda kalale. GB 500 ni kazi ya usiku mzima. Asubuhi rudia DISM, kisha SFC. Ikikataa tena usibishane nayo, nunua diski.

Na umeme?


Mwalimu wa Sakina | Ijumaa, saa 3:36 usiku

Uniti 31. Nimewakataza kuwasha pasi na heta.


Kiberenge | Ijumaa, saa 3:41 usiku

Uzi umekuwa tamthilia huu. Mimi silali.


Mwalimu wa Sakina | Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Wakuu.

chkdsk ilimaliza saa kumi na moja alfajiri, niliiacha saa nne usiku. Ripoti yake haikai kwenye kioo, inapita. Nimeikuta Event Viewer, upande wa Application, chanzo Wininit. Imepata vipande vibovu kwenye mafaili tisa, mengi ni ya gemu za watoto na mawili yapo ndani ya hilo hilo WinSxS.

CrystalDiskInfo sasa C5 ni 0, na 05 imepanda ikawa 3. Bado ni njano.

DISM imepita 84 bila kugonga mlango. Asilimia 100. SFC nimeirudia: imekuta kasoro na imerekebisha. Nimefungua System32, yupo pale, spoolsv.exe, kama vile hajawahi kuondoka. Print Spooler nimebonyeza Start, ikawaka.

Printa ikaanza kunguruma kabla sijaigusa. Ikatoa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni twiga wa kupaka rangi. Kijana wangu wa darasa la pili aliwaagiza Jumamosi ile, muda mfupi kabla ya apdeti, nakala 12, wakabaki kwenye foleni wiki nzima wakisubiri. Nimewaacha wote watoke. Mtihani wa Kidato cha Pili umefuata.


Babu wa XP | Jumamosi, saa 5:44 asubuhi

Hongera sana mwanangu. Sasa tenga hela ya diski. Ukinunua chukua SSD, ile isiyozunguka, hata ya GB 256, mashine ya kizazi hicho itakuwa kama imezaliwa upya. Windows 11 sahau, kwa Intel wanaanzia kizazi cha nane na wanataka TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uwe mwangalifu na unachofungua.


Fundi Mnyonge | Jumamosi, saa 6:10 mchana

05 ikipanda tena hata kwa moja usingoje mwisho wa mwezi. Ukiipata SSD niletee nikuhamishie kila kitu kama kilivyo, bila kupiga windo. Ni elfu ishirini hiyo hiyo 😀


Mwalimu wa Sakina | Jumamosi, saa 6:15 mchana

Nakuja mkuu, na safari hii nitalipa bila kununa.


Kiberenge | Jumamosi, saa 6:22 mchana

Mwalimu, yangu ni 22H2 pia, na ni Pro. Nipo Kwa Mrombo, naweza kuifuata hiyo flashi jioni nijaribu?


Steshenari Majengo | Jumamosi, saa 6:25 mchana

Kiberenge, kwanza tuambie CrystalDiskInfo ni rangi gani. Flashi inapanda Kosta ya kesho saa mbili asubuhi, kwa hiyo ukiitaka ifuate leo hii.